Wa Mwisho Kutoka Tumboni

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa mlango wa chuma uliopewa akili ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuhesabu watu. Kila fundi wa kituo cha mvuke kule Rungwe alipandikizwa kibali hai chini ya ngozi ya kiganja, kidude kidogo kama punje ya ulezi kilichobeba ruhusa yake ya kufanya kazi ya hatari. Bawabu alisoma vibali, sura hazikumhusu. Kibali kikiwemo katika chumba cha chini, ambacho mafundi walikiita Tumboni, mvuke wa mlima ulizuiwa. Vibali vyote vikitoka, mlango ulijifunga na mvuke ukaachiwa upite kwenda kuwasha taa za jiji zima la Mbeya. Tangu Bawabu aletwe, hata lile gurudumu la kufunga mvuke kwa mkono liling'olewa. La nini tena, wakubwa walisema.

Subilaga alikuwa mshika mlango. Mamlaka ya Vibali haikuitambua kazi hiyo. Mafundi wenyewe ndio walioing'ang'ania. Kila aliyetoka Tumboni alimgusa Subilaga begani, na waliotangulia nje wakaitikia kwa pamoja, "Yupo!" Msimamizi wao, Mzee Tuntufye, alitoka wa mwisho siku zote. Bawabu alihesabu kwa njia yake, wao kwa njia yao, na hesabu hizo mbili zikikubaliana watu walikwenda kula.

Mchana mmoja Subilaga alisimama mlangoni pamoja na Mkaguzi Lwitiko, ambaye buti zake hazikuwa zimewahi kuona tope. Alikuja kukagua vibali, na tangu asubuhi alikuwa akiwafokea watu wazima kama watoto wa chekechea. Subilaga hakumpenda hata kidogo, wala hakujisumbua kuficha.

"Nimemwita Tuntufye mara mbili," Lwitiko alisema. "Kanuni inasema mkaguzi akiita, mwenye kibali anatoka."

"Bado yuko kazini, Mkaguzi." Madini yalikuwa yakiganda ndani ya mabomba kama ukoko wa wali, na yasipokwanguliwa bomba hupasuka. "Wenzake wanne wametoka sasa hivi. Yeye anapita nyuma yao kuhakikisha hakuna kilichosahauliwa. Ndio utaratibu wetu."

"Utaratibu wenu! Bawabu yupo, nyie bado mnashikana mabega na kupiga kelele kama mko mnadani." Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Tuntufye! Toka sasa hivi!"

Sauti ya mzee ikapanda kutoka chini, imetulia. "Kijana, tangu asubuhi hujanipa hata shikamoo, na sasa unaniita jina langu tupu? Nitatoka nikimaliza. Kama una haraka, shuka wewe. Si ndiye mwenye kibali kikubwa kuliko sisi wote?"

Mafundi wanne waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Walijua kwamba Mkaguzi ana kibali cha daraja la kwanza, na kwamba hajawahi kushuka Tumboni hata siku moja. Lwitiko akabadilika uso. Akatoa kibao chake cha kioo, akakigusa kwa kidole.

"Kibali cha Tuntufye kimefutwa," alisema. "Kwa ukaidi."

Hapo hapo Bawabu akazungumza, kwa ile sauti yake laini. "Chumba kitupu. Mlango unafungwa. Mvuke utaachiwa."

Subilaga akamgeukia Lwitiko. Mzee yumo ndani, na kiganja chake hakisomeki tena.

"Kirudishe!"

"Hakirudi." Lwitiko alikuwa ametoa macho, kidole kikigonga kioo bila faida. "Kikishafutwa hakirudi mpaka afanye mtihani upya. Mimi sikujua kama... mfumo haunikubalii."

"Basi naingia mimi."

"Ukivuka hapo nafuta na chako!" alifoka, kwa mazoea tu ya kufoka.

Lakini Subilaga alimwamini. Akiingia yeye, na chake kikafutwa, watachemshwa wawili. Kilichotakiwa Tumboni ni kibali ambacho Lwitiko hathubutu kukifuta. Mlango ulikuwa umebakiza upenyo wa kupita mtu mmoja. Akamkamata Mkaguzi kwa ukosi wa shati na mkanda wa suruali, akamsukumia ndani kama gunia la viazi, kibao cha kioo kikidondoka nje ya mlango.

"Yupo mtu mmoja," Bawabu alisema. "Mvuke umezuiwa." Mlango ukafunguka tena.

Lwitiko alijizoazoa akakimbilia nje. Subilaga alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake.

"Nipishe! Nitaungua humu!"

"Hutoki mpaka atoke yeye. Ukitoka wewe, chumba kitupu."

"Nitakufunga!"

"Nifunge. Ila kwanza subiri."

Lwitiko akasubiri, jasho likimchuruzika, mabomba yakinguruma nyuma yake. Hatimaye Mzee Tuntufye akatokea ngazini, akipanda taratibu kwa sababu ya magoti yake mabovu.

"Tangulia, Mzee," Subilaga alisema.

"Mimi hutoka wa mwisho, mwanangu. Unajua."

"Leo hapana. Kakufutia kibali. Bawabu hakuoni."

Mzee alikitazama kiganja chake, kisha akamtazama Lwitiko. Maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu nyuma yake kule chini, na sasa alilazimishwa, tena kwa ajili ya huyu. Ilimuuma. Akapita, akamgusa Subilaga begani.

"Yupo!" wakaitikia wenzake.

Lwitiko akafuata, akipepesuka, na ili asianguke akajishikiza kwenye bega lile lile. Kisha akawatazama waliokuwa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, kama anayengojea kitu. Hakuna aliyeitikia. Mlango ulijifunga, na mvuke ukavuma.

Aibu yake ikageuka hasira. Akaokota kibao chake.

"Subilaga, kibali kimefutwa. Kwa kumshambulia mkaguzi."

"Hakuna mtu mlangoni," Bawabu alisema.

Subilaga alikuwa amesimama pale pale. Machozi yalimlenga, na alijichukia kwa kulia mbele ya mtu yule. Mzee Tuntufye akamsogelea, akamwekea mkono begani.

"Yupo," alisema.

"Yupo!" wakaitikia wale wanne, macho yao kwa Mkaguzi.

Kisha wakavua glavu, wakaziweka miguuni pa Lwitiko, karibu na buti zake safi. Mzee akaweka kikwanguo chake juu ya glavu hizo.

"Kesho shuka wewe," alimwambia. "Bawabu atakuhesabu."