Alama za Vema Zilizodanganya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilitakiwa kumeza vidonge viwili vya ugonjwa wa utumbo, kisha niweke alama ya vema kwenye kalenda ya jikoni. Alama sikuacha hata siku moja. Vidonge ndivyo nilivyoacha! Tumbo lilikuwa limetulia, navyo vilikuwa vichungu ajabu, basi nikawa navitupa chooni.

Haukupita muda, maumivu yakarudi na choo kikawa na damu. Mama, fundi cherehani, akafunga kibanda chake tukaenda hospitali.

Daktari alinilaza kitandani, akanipaka jeli ya baridi tumboni na kupitisha kifaa cha ultrasaundi. Akanigeuzia skrini.

"Ona mwenyewe. Huu ni ukuta wa utumbo wako mpana. Umevimba, umekuwa mnene maradufu." Akamtazama mama. "Vidonge anameza?"

"Kila siku, daktari!" mama akajibu kifua mbele. "Kalenda imejaa alama. Mwanangu huyu hana mchezo."

"Basi vidonge vimeshindwa. Itabidi tuanze sindano. Ni dawa kali zaidi, lakini tufanyeje?"

Akachukua kalamu aandike. Nikawaza haraka. Nikisema, nitamwaibisha mama. Nikinyamaza, nitachomwa dawa kali ambayo huenda siihitaji.

"Daktari, subiri! Sijameza wiki sita. Nilikuwa natupa."

Mama akaduwaa. "Na zile alama zote?"

"Za uongo, mama. Nisamehe."

Machozi yalinitoka. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kumbe vidonge havijashindwa, havikupewa nafasi! Sindano tuziache kwanza. Rudia vidonge, halafu baada ya miezi mitatu tupige picha nyingine."

Safari hii nilimeza kweli, huku nimekunja uso, mama akinicheka. Miezi mitatu ilipotimia nililala tena kwenye kitanda kile. Ukuta wa utumbo ulikuwa umenywea, hata mimi niliuona.

"Huyo ndiye mwanangu!" mama akasema kwa sauti, mpaka nesi akachungulia mlangoni. Nilijivuna, na safari hii bila uongo.

Daktari akanipa mkono kama mtu mzima.

"Mashine hii ilinionyesha uvimbe," akasema, "lakini haikuweza kunionyesha vidonge vilivyotupwa chooni. Hilo ulinieleza wewe, tena bila kulazimishwa. Dawa inayokufaa tuliichagua pamoja, mimi kwa picha na wewe kwa kusema kweli."