Tumbo Lililonyimwa Shati

Asubuhi ile kifungo cha tumboni kiligoma. Chapuchapu alibana pumzi, akavuta shati, akavuta tena. Mwishowe kifungo kikaingia tunduni, lakini shingo upande.

"Sasa usipumue mpaka jioni," mumewe alimtania. Alikuwa fundi friji, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Cheka tu. Tumbo hili sikulitafuta peke yangu."

Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Alicheka mpaka chai ikamwagika mezani.

Ilikuwa mimba yao ya kwanza, na sasa ilikuwa na miezi sita. Nyumbani kila mtu aliifurahia. Kazini hakuna aliyeambiwa. Chapuchapu aliificha chini ya sweta, jua liwake lisiwake.

Alikuwa muuzaji katika duka kubwa la viatu. Jina la Chapuchapu alipewa hukohuko. Mteja alipoingia, kabla hajakaa sawasawa, yeye alikwisha piga goti. Alimpima mguu kwenye kibao, akapanda ngazi, akarudi na maboksi yamempanda hadi kidevuni. Mtu mwenye kidole kilichovimba hakumuuzia kiatu chenye ncha, hata kama mtu huyo alikipenda kwa macho. "Utanilaani njiani," alimwambia, na mteja alicheka akachukua kingine.

Wafanyakazi wote walivaa sare: shati la bluu, suruali nyeusi na beji ya duka kifuani. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, walipanga mstari na meneja akawakagua. Chapuchapu hakuwahi kukutwa na kosa. Aliipenda kazi yake, na kodi ya nyumba yao ilitoka humo.

Kwa nini basi aliificha mimba? Kwa sababu alijua habari za muuzaji aliyekuwapo kabla yake. Dada yule alipata mimba, na baada ya muda mfupi ikasemwa kwamba "ameacha kazi mwenyewe". Hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku hiyo aliingia dereva wa lori, akataka buti. Chapuchapu akapiga goti, akainama kuvuta kamba. Sweta ikafunguka. Kifungo nacho kikachoka. Kiliruka, kikamgonga dereva kidevuni.

"Loo!" dereva alisema. "Duka hili linapiga risasi wateja?" Kisha akaliona tumbo, akatabasamu. "Kumbe! Hongera, dada yangu."

Dereva alinunua buti na kwenda zake. Lakini meneja alikuwa amesimama karibu na keshia, na alikuwa ameona kila kitu.

"Njoo ofisini," alisema. "Funga mlango."

Chapuchapu aliingia akiwa ameshika shati lake kwa mkono mmoja.

"Tangu lini?"

"Miezi sita, bosi. Niliogopa kusema."

"Sheria ya duka unaijua. Hakuna anayesimama mbele ya mteja bila sare kamili."

"Naijua, bosi. Naomba shati kubwa kidogo."

"Mashati ya wanawake yanaishia saizi hiyo. Halafu, tuseme ukweli, wateja wanakuja hapa kutazama viatu. Hawaji kutazama tumbo. Nenda nyumbani, ujifungue salama. Ukirudi mwembamba, tutaona."

"Tutaona nini, bosi?"

"Kama nafasi ipo. Mimi sikufukuzi. Kesho niletee barua kwamba unaomba kupumzika mwenyewe, bila malipo. Tuachane vizuri."

Tuachane vizuri! Watu wengine wakikusukuma shimoni hutaka uwaage kwanza.

Jioni Chapuchapu aliwaeleza wa nyumbani. Mumewe akasimama, kiti kikaanguka.

"Kesho naenda kumtia adabu!"

"Kaa chini," mama yake alimwambia. "Ukimpiga, wewe utalala ndani na mkeo atakosa kazi vilevile. Mkwe wangu, mwenye nguvu mpishe. Andika hiyo barua. Nilipombeba huyu mumeo, kiwandani walinitoa kwa mlango wa nyuma. Nilishukuru hata kwa nauli waliyonipa."

Alisema hivyo huku akitazama kikombe chake. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeshukuru.

Wakati huohuo mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yao wa mlango wa pili, amekuja kuuliza kuhusu friji lake. Mama huyu alifanya kazi katika ofisi ya chama cha wafanyakazi. Mtaani walimwita Mama Kifungu, maana hata ukigombana naye kuhusu maji ya bombani, atakutajia kifungu cha sheria.

Aliwatazama usoni mmoja mmoja. "Mbona kama mna msiba?"

Wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Barua iko wapi?" aliuliza.

"Sijaiandika."

"Basi usiiandike. Ukiiandika, kesho atasema uliondoka kwa hiari yako, na sisi chamani tutakosa pa kushika. Anayetaka kukutoa aandike yeye."

"Lakini sheria ya sare ipo kweli, Mama Kifungu. Na shati halinitoshi kweli."

"Sheria ya sare ni haki yake. Mwajiri anaweza kukutaka uwe safi, nguo ipigwe pasi, beji ionekane, uwahi kazini, wateja uongee nao kwa heshima. Hayo mpe yote, tena bila kinyongo. Lakini kanuni ya mavazi iwe moja kwa wote. Na anayekutaka uvae sare, akupe inayokutosha. Shati likikubana, dawa ni shati jingine. Hafukuzwi mtu. Nchi nyingi zina sheria ya kumlinda mjamzito kazini, na yetu ni mojawapo. Mimba si kosa la kazi. Nikutajie kifungu?"

"Tunakuamini!" fundi friji alisema haraka.

Mama Kifungu akavuta kiti. "Kosa lako ni moja tu, mwanangu. Ulinyamaza. Ukisema mapema, mwajiri ana muda wa kupanga, nawe hupandi ngazi na maboksi ukiwa na hali hiyo. Sasa niambie. Hapo dukani hakuna mwingine aliyeongezeka mwili?"

Chapuchapu alifikiri. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Bonge!"

Bonge alikuwa mtunza stoo. Wakubwa kwa wadogo walimwita hivyo, na yeye aliitika. Alipoajiriwa alikuwa mwembamba kama fagio. Kisha akaanza kunenepa, na kila aliponenepa alishonewa shati jipya. Mara ya mwisho fundi cherehani aliletwa mpaka stoo kumpima, na meneja mwenyewe alimshikia futi, wakacheka pamoja.

"Huyo Bonge ana mimba?" mama mkwe aliuliza.

"Hana, mama. Ana shibe tu."

Mama mkwe akasimama polepole. "Yaani tumbo la shibe linapewa shati, na tumbo la uzazi linaambiwa liandike barua?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi walinipa nauli nikasema asante. Leta hayo mashati yako, niyakate niunge moja!"

"Usiyakate," Mama Kifungu alimzuia. "Ni mali ya duka. Usiwape sababu."

"Basi mwanangu, kimbia dukani kaniletee kitambaa cha bluu. Bluu ileile! Ukileta ya kijani, nakushona wewe."

Fundi friji alikwenda mbio. Mama mkwe akafunua cherehani yake, na Mama Kifungu akaendelea kumfundisha Chapuchapu.

"Kesho wahi kama kawaida. Usipige kelele, usitukane. Jeuri yako iwe kwenye kusimama, isiwe kwenye matusi. Akikuita ofisini, omba mwenzako mmoja akae nawe asikie. Akikuondoa, mwombe aandike sababu. Kisha njoo kwangu. Tukishindwa sisi, tutakwenda ofisi ya kazi ya serikali. Njia zipo, mwanangu. Usiogope."

"Naogopa," Chapuchapu alisema. "Lakini nitakwenda."

Asubuhi akapanga mstari pamoja na wenzake. Shati lake jipya lilimkaa vizuri, pana tumboni, limenyooka mabegani, na beji ya duka ilikuwa mahali pake. Meneja alikagua mstari, akafika mbele yake, akasimama.

"Nilikwambia ulete barua."

"Sikuileta, bosi. Nimekuja kufanya kazi."

Meneja akalikagua shati, toka mabegani hadi tumboni.

"Shati hilo si la duka."

"Ni kweli, bosi. La duka halinitoshi. Naomba la duka linalonitosha, kama alivyopewa Bonge."

Wote wakageuka kumtazama Bonge. Maskini Bonge alitazama sakafu. Hakuna mtu anayependa tumbo lake liwe ushahidi. Chapuchapu alimwonea huruma, lakini maneno yalikwisha toka.

"Bonge anafanya kazi stoo," meneja alisema. "Wateja hawamwoni."

Hapo Bonge akainua kichwa. "Mimi sionekani, bosi? Kila Jumamosi nauza huku mbele. Nani alishawahi kuingia humu asinione?"

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Bonge hakucheka.

"Shati la kwanza lilinibana. La pili likanibana. Hukunirudisha nyumbani. Hukuniambia nikipungua tutaona. Kama dada huyu anaondoka kwa sababu ya tumbo, basi na mimi ninalo. Chukua shati lako." Akaanza kufungua vifungo.

"Bonge, baba, tunakuomba," keshia alisema. "Utufungulie mengine yote, hilo hapana!"

Sasa mstari wote uliangua kicheko. Meneja peke yake ndiye aliyebaki amekunja uso.

"Mnanigomea?"

"Hapana, bosi," Chapuchapu alisema. "Hatujagoma. Mlango ukifunguliwa tutauza. Ila kama unaniondoa, niandikie wewe. Andika kwa mkono wako kwamba unaniondoa kwa sababu nina mimba, kisha uweke sahihi. Mimi sitajifukuza mwenyewe."

Meneja aligusa kalamu mfukoni, hakuitoa. Alijua kwamba barua ya namna hiyo haiandikiki. Alikuwa amemwondoa dada yule wa kwanza kimyakimya, naye hakuulizwa na mtu. Leo aliulizwa mbele ya wote. Nje, wateja walikuwa wameanza kugonga kioo.

"Fungueni mlango," alisema.

Chapuchapu akauza viatu siku hiyo, na siku iliyofuata, na zote zilizofuata. Meneja alimnunia. Akanuna wee, mpaka akachoka mwenyewe. Wiki ileile Mama Kifungu alikuja na mwenzake wa chama, wakaketi na mwenye duka na meneja. Hawakupiga meza. Walieleza sheria, kifungu baada ya kifungu, na mwenye duka akauliza swali moja tu: "Kwa nini sikuambiwa haya mapema?"

Yalikubaliwa mambo ya kawaida kabisa. Mjamzito atashonewa sare ya duka. Hatapanda ngazi wala kubeba maboksi mazito, wenzake watamshushia. Atawapima wateja akiwa amekaa kwenye kigoda. Atapata likizo ya uzazi kwa mujibu wa sheria, na akirudi atakuta nafasi yake. Kwa upande wao, wafanyakazi walikubali kusema mapema hali zao zinapobadilika, na kutunza sare kama zamani. Dada yule wa kwanza naye alitafutwa. Alikuwa amekwisha pata kazi kwingine, lakini alipewa haki zake za likizo, na alilia kwenye simu.

Chapuchapu akajifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alimbeba akamzungusha mtaa mzima, akimwambia kila aliyekutana naye, "Huyu kabla hajazaliwa alishakwenda kazini kudai shati!"

Likizo ilipokwisha, Chapuchapu alirudi kwenye nafasi yake ileile. Meneja alimsalimia kwa ufupi, naye akamwitikia kwa heshima. Hawakuwa marafiki, na kazi haikuwadai wawe marafiki.

Asubuhi moja walikuwa kwenye mstari wa ukaguzi. Meneja alipofika kwa keshia, keshia hakusubiri akaguliwe. Alipiga hatua moja mbele. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyapima.

"Bosi, nina mimba," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Nakwambia mapema. Shati hili litanibana karibuni."

Meneja alitazama dari. Alitazama mlango. Kisha akamtazama Chapuchapu, akakuta Chapuchapu anamtazama, tena hapepesi macho.

Meneja akatoa kalamu mfukoni.

"Saizi gani?" aliuliza.