Picha ya Koli Mlangoni

Basi la kutoka Bunagana lilipofunguliwa mizigo, hakuna aliyengoja kuitwa jina. Kila mtu alivuta alichokiona. Wivine, muuza vitenge wa soko la Virunga mjini Goma, alikuwa amevaa libaya, blauzi ya kitenge, la manjano lenye mikono mipana, na viatu ambavyo havikufaa hata kidogo kwa mawe ya volkano. Aliishika katoni yake, koli kama wanavyoita mzigo wa basi huko Goma, kwa kamba. Upande wa pili wa kamba ile ile kulikuwa na mkono wa mwanamume.

“Papa, achilia. Hii koli ni yangu.”

“Mama, batu bamenituma koli ya vitenge. Njo hii.”

“Basi soma jina kwanza.”

Mwanamume akainama, akasoma maandishi ya kalamu nyeusi juu ya katoni. “Wivine. Wewe njo Wivine?”

“Unaona Wivine mwingine hapa?”

“Sioni. Ata nikitafuta sitamuona.”

Aliitwa Akonkwa, mzaliwa wa Bukavu, motard, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mwenye jile la kijani, kizibao cha chama chao, na viatu safi, kitu adimu katika vumbi la Goma. Alitafuta koli aliyotumwa, akaipata chini ya gunia la maharagwe, kisha akafunga zote mbili kwenye pikipiki na kumpeleka Wivine hadi nyumbani kwake, mtaa wa Keshero. Akakataa malipo. Motard wa Goma hafanyi jambo hilo akiwa na akili timamu, na Wivine alilijua hilo, ndiyo maana alicheka njia nzima.

Tangu siku hiyo koli zake zote zilipita mikononi mwa Akonkwa. Simu nazo hazikukoma.

“Sheri, umekula?”

“Nimekula. Na wewe?”

“Mi nitakula nikikuona.”

“Basi utalala njaa, leo nafunga table saa kumi na moja.”

“Nitangoja. Njaa ya kukungoja si kama njaa ingine.”

Wivine hakutaka koli zifunguliwe sokoni. Wauzaji wa meza za jirani wakiona maua mapya ya kitenge leo, kesho wameagiza yale yale. Kwa hiyo Akonkwa alizipeleka nyumbani, akaziweka kwenye ngazi ya saruji mbele ya mlango, akapiga picha ya ushahidi na kumtumia. Wivine, kwa furaha yake, aliichukua picha hiyo hiyo na kuiweka kwenye statu ya WhatsApp: “Mali mupya imefika nyumbani. Kesho kwa table. Bakiliente mujipange.” Kabla hajafunga meza, wateja wanne watano walikuwa wameshaagiza. Alijiona mjanja sana.

Mwezi wa nne familia za wapenzi hawa zilipanga siku. Wazee wa Akonkwa wangekuja samedi, yaani Jumamosi, ya mwisho wa mwezi kujitambulisha kwa wazazi wa Wivine, watu wa Butembo wasiopenda mambo ya haraka haraka. Wivine alianza kushona nguo yake mwenyewe, ya bluu, yenye mgongo wazi kidogo, na mama yake akamwambia auzibe huo mgongo.

Ndipo koli zikaanza kupotea.

Ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Ya pili alilia. Ya tatu ilikuwa na vitenge vya sare ya harusi ya watu, na mwenye harusi alikuja sokoni kumtukana mbele ya wote. Kila mara picha ilikuwepo kwenye simu, katoni imekaa vizuri juu ya ngazi. Kila mara Wivine alifika akakuta saruji tupu.

Jioni ya koli ya tatu alikaa uani na Sidonie, rafiki yake tangu shule ya msingi, aliyepanga chumba kwenye plo hiyo hiyo, kiwanja alichopanga Wivine, na kumsuka kila dimanche, siku ya Jumapili.

“Dada, jiulize tu,” alisema Sidonie huku akichana nywele. “Nani anajuaka saa koli inafika?”

“Ni mimi.”

“Na nani tena?”

Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Wivine, na alilichukia, lakini hakulitema.

Hakulala vizuri. Asubuhi aliyakumbuka mambo yote ya Akonkwa upya, na safari hii yote yalinuka. Kwa nini alikataa malipo siku ile ya kwanza? Kwa nini viatu vyake ni safi hivyo? Mtu akishaamua kushuku, hata wema unageuka kosa. Ilipofika saa sita mchana, aliweka picha ya mchumba wake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Chini yake aliandika: “Huyu motard analeta koli halafu anarudi kuziiba. Mukimuona mumukamate.”

Majibu yalimiminika. Wakaandika wamjuao na wasiomjua. “Tunamujua, anapitaka hapa.” “Tumumalize.” “Petrole iko.” Wivine alisoma yote. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo na hakikuandika neno.

Saa saba simu ikaita.

“Wivine, toa ile picha.”

“Rudisha koli zangu kwanza.”

“Sijakamata kitu yako. Toa picha, batu banakuya, niko nabaona. Tutaongea kisha.”

“Tutaongea nini, Akonkwa? Wewe peke yako njo unajuaka.”

“Sheri, nakuomba.”

Alikata. Akaiweka simu chini ya vitenge na kuendelea kumpimia mteja.

Kilichotokea barabarani alikisikia baadaye kwa wengine. Vijana walimwangusha Akonkwa kwenye pikipiki, wakampiga kwa mawe, na mmoja alikuwa ameshaleta chupa ya petroli. Motard wenzake ndio waliomchomoa, wakamkimbiza nyumbani kwa shangazi yake huku damu ikimtoka sikioni. Chama kilimvua jile mpaka kesi ijulikane. Bila jile hakuna motard anayeruhusiwa kubeba abiria kwenye parking yao, kituo cha pikipiki. Wivine aliifuta picha saa kumi na moja, alipofunga meza.

Wiki iliyofuata koli nyingine ililetwa na Munyakazi, mzee wa parking, mwenye mvi na sauti nzito. Alipiga picha kama ilivyo desturi. Wivine akaiweka kwenye statu kama ilivyo desturi yake. Alipofika nyumbani, ngazi ilikuwa tupu.

Aliketi pale pale, libaya lake likiokota vumbi, akampigia Munyakazi.

“Muzee, koli iko wapi?”

“Niliiweka kwa mulango. Picha si uko nayo?”

“Niko nayo. Niliiweka ata kwa statu.”

“Binti yangu, unawekaka picha kwa statu wakati wewe uko sokoni?”

“Ndiyo, ya kuita bakiliente.”

“Basi na mwizi unamuita. Unamwambia koli iko mulangoni na wewe hauko. Na ile mutoto ya batu mukamupiga bure.”

Wivine alitaka kumwambia mzee kwamba haiwezekani, lakini ilikuwa inawezekana kabisa, na alijua.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alijaza katoni matambara, akaiweka kwenye ngazi, akapiga picha na kuandika kwenye statu maneno yale yale. Kisha akafunga mlango kwa ndani na kukaa nyuma ya pazia. Aliwaza vijana wa mtaa, aliwaza wapita njia. Statu ilionyesha mtu wa kwanza kuiona, na aliposoma jina alijiambia kwamba rafiki ni kawaida awe wa kwanza.

Haikupita nusu saa. Sidonie alitoka chumbani kwake na beseni la nguo mbichi, kanga kiunoni, ndara miguuni, akiimba kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye ngazi aliinua zile nguo mbichi, akaiweka katoni ndani ya beseni, akafunika. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu aliyezoea.

Wivine akafungua mlango.

“Hukuenda sokoni?” Sidonie aliuliza, na hilo ndilo lililomtoka kwanza.

“Koli ine, Sidonie. Ulikuwa unanisuka na unaniibia.”

“Vitenge vyako vinauzikaka mbiyo. Vyangu nani ananunua? Tulianza kuuza wote, wewe ukapanda, mimi nikabaki na beseni.”

“Na Akonkwa? Ulijua batu banataka kumuchoma. Ukanyamaza.”

Sidonie aliweka beseni chini. Hakulia, wala hakuomba msamaha. “Mimi sikutaja mutu, Wivine. Niliuliza tu. Jina lilitoka kwako.”

Wivine alitaka kumpiga. Alimwita mwenye plo, na Sidonie akafukuzwa kabla ya jua kuchwa. Lakini maneno yale hayakufukuzwa naye.

Asubuhi alikwenda parking, bila vipodozi, amefunga kilemba cheusi. Alisimama mbele ya motard wote na kusema kwa sauti iliyokatika mara mbili kwamba mwizi alikuwa rafiki yake, kwamba Akonkwa hakuiba hata uzi, kwamba yeye ndiye aliyedanganya mtaa. Aliyasema tena kwenye kundi la WhatsApp, kwa sauti yake. Munyakazi alichukua jile la kijani, akampelekea Akonkwa kwa mkono wake. Akonkwa akaja, mshono bado mbichi juu ya sikio, viatu vina vumbi.

Yeye na Wivine wakasogea pembeni, karibu na ukuta wa mawe meusi.

“Merci kwa kusema mbele ya batu,” alisema Akonkwa.

“Nihurumie, Akonkwa. Nilikosa. Nakupenda, na nilikuwa mujinga.”

“Juu ya koli nimekusamehe. Mutu akiibiwa anachanganyikiwa.” Alifunga zipu ya jile pole pole. “Nataka kukuuliza moja tu. Mi nilikupigia saa saba. Picha uliitoa saa ngapi?”

Wivine aliinamisha kichwa. “Saa kumi na moja.”

“Masaa ine. Ulikuwa unasoma vile banaandika?”

Angeweza kusema hapana. “Nilikuwa nasoma.”

Akonkwa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokwisha kulijua. “Familia yangu haitakuya samedi. Ambia papa yako kwamba ni mimi nimekataa. Sema niko na mwingine, sema ata batu ya Bukavu hatuna adabu. Sitakubishia. Usipate haya kwenu.”

“Unanifichia aibu mimi?”

“Nilikupendaka, Wivine.” Akawasha pikipiki, mteja akapanda nyuma yake, wakaondoka.

Nyumbani kwa wazazi wake, baba yake, mzee Kambale, alikuwa ameshaazima viti vya parokia na kuvipanga uani, safu mbili zikitazamana. Alikuwa akikifuta kimoja kwa kitambaa. Wivine alimwambia kwamba wageni hawatakuja.

“Kijana amekataa?” aliuliza mzee, na hasira ilikuwa tayari inapanda. “Amepata mwingine?”

Uongo ulikuwa tayari, umefungwa vizuri, zawadi ya mwisho ya Akonkwa.

“Hapana, Papa. Batu balitaka kumuua juu ya neno yangu. Alinipigia simu nimuokoe, mimi nikakata.”

Mzee Kambale alimtazama binti yake muda mrefu. Kisha akaanza kukusanya viti, kimoja kimoja, na hakumwambia aketi.