Mstari Alioambiwa Auruke

Jengo la mafundi simu lilikuwa limefurika mchana ule, redio zikishindana na kila fundi akivuta wateja kwa mdomo. Binti wa kliniki aliingia mbiombio, gauni la manjano limemkaa kiunoni, raba nyeupe miguuni, roho juu kwa sababu muda wa mapumziko ulikuwa unamwishia.

"Kaka, samahani, spika haisikiki. Utanitengenezea sasa hivi?"

Fundi hakuitazama simu. Alimtazama yeye, bisibisi mkononi.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Sema, 'Habari mama, nakupigia kuhusu majibu yako ya picha ya matiti.'"

Binti alipigwa na butwaa. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema kutwa kucha kazini.

"Mama yangu alikuweka kwenye spika," fundi alicheka. "Ulimwambia hakuna kibaya kilichoonekana, arudi mwakani. Mama alicheza! Na mimi sauti yako haijanitoka kichwani mpaka leo."

"Una maneno wewe!"

"Spika nakutengenezea bure. Ila namba utaacha."

Aliiacha. Haikupita muda wakawa wamekufa wameoza. Fundi alimwita kasuku wangu, naye akamwita mharibifu wa simu za watu, na asubuhi haikuanza mpaka mmoja ampigie mwenzake. Jumapili moja binti alipelekwa kwa mama mtu, mama wa kicheko kikubwa, aliyemkumbatia akisema, "Ndiye huyu aliyenipa usingizi?"

Binti alicheka, lakini moyo ulimchoma. Kwenye majibu ya wanawake wengi kulikuwa na mstari wa mwisho: matiti yana tishu nzito, hatari ya saratani iko juu kidogo, na picha inaweza kuficha uvimbe. Mkuu wa kliniki alimkataza kuusoma. "Utawatia watu kiwewe bure," alisema. Naye, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi, aliuruka. Majibu ya mama huyu hakuyakumbuka, na hakuthubutu kuyatafuta.

Kisha jioni moja fundi alipiga, na hakumwita kasuku.

"Mama ana uvimbe. Ameushika mwenyewe akioga. Daktari wa hospitali nyingine anasema picha ile ilikuwa nyeupe tupu, na uvimbe nao hutoka mweupe. Alitakiwa kuambiwa, aongezewe kipimo cha ultrasaundi. Ulikuwa unajua?"

"Mpenzi..."

"Nakuuliza."

"Huwa imeandikwa. Tunaambiwa tusisome."

"Mama alilala kwa maneno yako," alisema, akakata.

Binti alipiga tena na tena, simu haikupokelewa. Alifagia chumba kilichokuwa safi. Alitoka mpaka kituo cha basi, akarudi, akatoka tena. Hasira aliyokuwa nayo hakujua aielekeze wapi, kwa mkuu au kwa nafsi yake. Kesho yake kazini alisoma mstari ule kwa kila mwanamke aliyempigia, akawaeleza waulize kuhusu kipimo kingine.

"Nani kakutuma?" mkuu alifoka.

"Hakuna. Ila hawa ni mama za watu. Unifukuze ukitaka, lakini nawapigia na wale wa nyuma."

Mkuu aliubamiza mlango. Binti akabonyeza namba nyingine.

Wiki ilipoisha, fundi alipiga. "Majibu ya kile kinyama walichomkata mama kwenye uvimbe yametoka. Mama amekataa yasifunguliwe mpaka uje wewe."

Alifika anahema. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kochi, fundi nyuma yake.

"Soma yote, mwanangu. Usinirukie hata neno."

Alisoma. Hakuruka neno. "Ni saratani, mama. Ultrasaundi haikuona kitu kwenye tezi za kwapani, ila watahakikisha kwenye upasuaji. Wanataka ufanyiwe haraka."

Mama alilia, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Nisamehe, mama. Nilikudanganya."

"Ulinipunja," mama alisema. "Leo umenilipa. Nitakutaka hospitali, unisikilizie madaktari. Huyu akili zake ziko kwenye nyaya."

"Nitakuja. Ila wataniuliza mimi ni nani wako."

"Mkwe wangu," mama alijibu, kabla mwanawe hajafungua mdomo.

Binti alimgeukia fundi, machozi yakimlengalenga. "Basi aseme mwenyewe."

Na fundi akasema.