Jiwe la Délice Mbele ya Leza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Délice hushuka ziwani na ndoo, huosha vyombo, kisha hunywa chai yake taratibu. Siku hiyo hata chai hakuigusa. Dada yake mkubwa, Honorine, anayefanya kazi katika maabara moja huko Ulaya, alikuwa amemwahidi Délice na wenzake wa darasa la sita kuwaonyesha kwa simu jiwe la Lemera likiwaka!

Délice ndiye aliyekuwa ametumwa kuleta jiwe hilo alipokwenda milimani Lemera kumsalimu bibi yake. Huko alicheza na binamu zake mpaka akasahau. Aliporudi Uvira, alichukua jiwe jeusi la ufukweni, lile ambalo mama yake mdogo Léocadie husugulia visigino, akalifunga vizuri, nalo likasafirishwa Ulaya. Darasa lilimshangilia, naye akapunga mkono bila haya.

Sasa Mwalimu Onesphore aliinua simu juu, wanafunzi wakasongamana mbele yake.

"Tumekwangua chembe moja tu ya jiwe lenu," Honorine alisema. "Iko hapa katikati ya ncha mbili za almasi. Zinaibana kwa nguvu sana, kama vile iko chini kabisa ndani ya ardhi. Leza, ule mwanga mkali sana, itapita ndani ya almasi, iichome mpaka iwake. Halafu eksirei zitatuonyesha vile imejipanga ndani. Kisha nitaandika: jiwe la Lemera linafanya hivi. Watafiti wengi watafuata hayo maneno."

"Washa, yaya! Washa!" darasa lilipiga kelele, likimwita dada mkubwa kama Délice amwitavyo.

Délice aliwaza. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini uwongo wake utaandikwa kwa jina la dada yake.

"Yaya Honorine, ngoja!" alipaza sauti. "Ile jiwe haikutoka Lemera. Minye nilisahau. Nilikamata ya huku ku ziwa. Ni ile mama mudogo Léocadie anasugulia visigino!"

Rafiki yake Mapendo akaangua kicheko, na darasa zima likamfuata. Délice aliona aibu, machozi yakamtoka. Honorine hakucheka.

"Weye Délice! Ungeniharibia kazi!" alisema, kisha akashusha pumzi. "Aksanti kunieleza mbele, kabla sijaandika. Basi tutaandika jiwe la ufuko wa Uvira. Hata hiyo hatujaipima bado. Muangalie!"

Kwenye kioo cha simu nukta ndogo ilianza kuwa nyekundu, ikageuka ya njano, halafu ikang'aa nyeupe. Watoto waliruka juu ya madawati! Délice aliruka kuliko wote, mashavu yakiwa bado yamelowa.

Kelele zilipotulia, Mwalimu Onesphore alisema, "Délice, utamuomba radhi mama yako mdogo kwa kuchukua jiwe lake, na likizo ijayo utaleta jiwe la Lemera lenyewe. Na ninyi wote munisikilize. Zile mashine zinabana, zinachoma, zinaona mpaka ndani ya chembe. Lakini jiwe lilitoka wapi, haziwezi kujua. Hilo anajua aliyelileta tu. Akidanganya yeye, almasi na leza vyote vimefanya kazi ya bure."