Alinipiga Akitafuta Mtoto Asiyekuwepo

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba. Mimi ni Mkuria wa Kehancha, niliyeolewa na Mjaluo wa Rodi Kopany. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na tulipendana.

Mume wangu, Ouma, alichimba dhahabu Masara. Nilipojifungua binti yetu, Ouma alikaa nyumbani wiki moja, akarudi mgodini. Miezi mitano ikapita... mtoto alinenepa, lakini tumbo langu lilikataa kurudi! Sokoni wanawake walinipongeza kwa mimba mpya. Niliona aibu, jamani!

Nikawa najifungia chumbani kila asubuhi, nalala chali na kuinua kifua, mara mia, ili tumbo lipungue. Sikumuuliza mtu. Nilipojiinua, katikati ya tumbo kulitokea nundu kama mkate. Nilidhani ni mafuta.

Siku moja Ouma alirudi bila taarifa. Shimo lao lilikuwa limekauka, na wenzake walimwambia kwamba mke akitoka nje ya ndoa, dhahabu hukimbia. Akausukuma mlango kwa bega, akanikuta sakafuni... nundu imesimama!

"Hiyo tumbo ni ya nani? Nimeona mtoto akicheza!"

Nilicheka. Mungu wangu, kwa nini nilicheka? Teke la kwanza lilinipata kitovuni, kwa buti lake la mgodini. La pili, mbavuni. Alikanyaga tumbo akiapa kwamba mtoto huyo atatoka leo! Nilimng'ata mguu mpaka nikaonja damu. Mama mkwe, aliyesikia mayowe kutoka nyumba yake jirani, ndiye aliyeniokoa, akimchapa mwanawe kwa mwiko mpaka ukavunjika.

Kliniki nesi alipima, hakuna mimba. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Akazamisha vidole vinne katikati ya tumbo langu. Misuli ilikuwa imeachana tangu uzazi, na kule kuinuka kwangu kwa pupa kulizidi kuitenganisha. Mbavu zilipopona, alinifundisha kulala chali, magoti juu, nitoe pumzi polepole nikivuta kitovu ndani. Basi!

Ouma alinifuata Kehancha kwa mama, nilikokimbilia, akilia. Ati, "Si ungeniambia tu ni misuli?"

Nilimuuliza, "Na kama ingekuwa mimba kweli?" Sikurudi.

Dada zangu, tumbo likichelewa kurudi, muulizeni nesi, msijifiche kama mimi. Na mwanamume akirusha teke la kwanza, usingoje kumweleza, kimbia!

Pengo kati ya misuli yangu limebaki upana wa kidole kimoja. Kila asubuhi nalala chali kwa mama, binti yangu kando akiniiga, na mlango nauacha wazi.