Kofia Iliyobaki Mkononi mwa Lusia

Ndugu zangu wa Kagongwa, Jumapili ile mnaikumbuka. Watu walikuwa wametoka kanisani, wali unanukia kila uani, na vijana wanapaka mafuta minyororo ya baiskeli zao kwa ajili ya mashindano ya kwenda Isaka na kurudi. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume.

Ndipo akatokea Bujiku, mchimbaji wa dhahabu, amevaa kofia ngumu ya waendesha baiskeli. Mkewe, Lusia, alikuwa amemnunulia mjini Kahama.

"Bujiku, leo duara limehamia barabarani?" akauliza Enock, anayechimba naye duara moja, yaani shimo la dhahabu. Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema wanawake wa Isaka watadhani amekuja kutengeneza nguzo za umeme. Simu zikatolewa, akapigwa picha.

Bujiku akawa hatulii. Akaibana kofia, akailegeza, akatazama huku na huku. Mwishowe akaivua na kumpa mkewe.

"Baba Vumilia, mbona duarani huwa unavaa?" Lusia akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Kule tunavaa wote. Tena kule jiwe linaanguka lenyewe. Barabara hii naijua tangu nachunga ng'ombe."

"Na malori yanakujua?"

"Mama Vumilia, usinitie aibu mbele za watu. Nishikie tu."

Mtu huyuhuyu hajawahi kushuka shimoni kichwa wazi. Kule, ukija bila kofia, yeye ndiye wa kwanza kukufukuza. Sasa niambieni, kichwa cha Jumapili kina mfupa mgumu kuliko cha Jumatatu?

Filimbi ikalia. Lusia alishindwa kukaa na wenzake kivulini. Alipanda bodaboda akawafuata kwa nyuma, roho juu. Karibu na Isaka lori likapiga honi, na ng'ombe waliokuwa wakivushwa barabara wakatawanyika. Bujiku alikuwa anaongoza. Akamkwepa ndama, gurudumu likaingia kwenye shimo la barabarani, akarushwa na kichwa kikagonga ukingo wa kalavati. Lusia alifika kofia ingali mkononi. Enock, aliyekuwa akishindana naye, alimbeba rafiki yake hadi kwenye gari lililosimama kusaidia, huku akilia.

Bujiku alilazwa kwa muda mrefu. Madaktari walijitahidi, majeraha yakapona, na sasa anatembea. Juzi nilikwenda kumjulia hali. Lusia akaleta uji, akamwekea mbele yake. Bujiku akamtazama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Lusia akaitikia. Amechoka kumweleza kwamba yeye ni mkewe. Iliniuma sana, nikaaga mapema.

FUNDISHO

Kofia Bujiku alikuwa nayo, na akili alikuwa nazo. Kilichomshinda ni kuchekwa. Hatari tuliyoizoea huwa hatuioni tena, na macho ya watu tunayaogopa kuliko lami. Ninyi mnaoendesha, vaeni, hata kama njia mnaijua kama uani kwenu. Ninyi mnaoandaa mashindano, asiye na kofia asipange mstari, maana wakivaa wote hakuna atakayebaki wa kuchekwa. Na sisi tunaosimama pembeni, tuchunge midomo yetu. Wengi waliocheka siku ile walirudi kwao wakala vizuri, na utani wenyewe wamekwisha kuusahau. Anayeishi na utani huo ni Lusia.